Mbwa wetu amelalia midoli ya binti yangu, na mzee anataka kumtoa

Shangazi, hujambo?

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mamboleo hapa Kisumu, na riziki yangu naipata kwa kushona sare za shule. Nimeanza barua hii mara mbili nikaiacha, lakini sasa jambo lenyewe limefika mezani. Mimi na mzee wangu tunakula bila kuzungumza, na sababu ni mbwa.

Mbwa huyo ni jike, anaitwa Njugu, ana miaka minne. Binti yangu wa kwanza ndiye aliyempa jina, kwa ajili ya rangi yake iliyofanana na njugu zilizokaangwa zikabaki na ngozi zake. Alimlea tangu akiwa kilebu wa kutoshea kwenye karai.

Kusema kweli, Njugu amekuwa mvivu maisha yake yote. Asubuhi akishakula ugali na omena, anakwenda pale verandani karibu na mtungi wa maji, kwenye simiti yenye ubaridi, anajinyosha kwa ubavu na hapo ndipo siku inapomkuta. Anayeleta maziwa anamruka. Kuku wanadonoa makombo katika sahani yake naye anawatazama kwa jicho moja, halafu analifumba. Anachokipenda duniani ni midoli. Binti yangu alikuwa na midoli mitatu ya kitambaa niliyomnunulia Kibuye kwenye mitumba siku ya Jumapili: dubu wa kahawia, ndovu wa buluu, na sungura mweupe ambaye siku hizi amebaki na jicho moja. Alipokwenda shule ya bweni alimwachia Njugu yote mitatu, akaniambia, "Mama, usiiguse, ni yake."

Sasa shida. Binti alikuja likizo ya Agosti, akarudi shuleni mwisho wa mwezi. Tangu siku kumi hivi zilizopita Njugu si yule tena. Ameacha veranda, amehamia chini ya meza ya cherehani yangu, amevuta vipande vya vitambaa akajitengenezea kitanda. Midoli ameipanga tumboni mwake, anailamba mpaka manyoya yameshikana. Ukimwita hatoki. Chakula anakula nusu. Usiku analia kwa sauti nyembamba, si kubweka, ni kulia. Tumbo lake naona limejaa, na sehemu ya chini huwa imelowa, nadhani ni jasho kwa kulala sana kwenye joto.

Jumapili iliyopita mtoto wa dada yangu, wa miaka minne, alimshika yule sungura sikio amchukue. Njugu alinguruma na kumrukia mkono. Meno yaligusa sweta tu, ngozi haikupasuka, nimeiangalia vizuri. Lakini mzee alikuwa amekaa pale pale na aliona. Hasira naye alikuwa nazo tangu mwanzo wa Julai, Njugu alipokuwa kwenye joto, yaani akitaka dume, na madume ya mtaa mzima yakawa yanalala getini kwetu. Tulimfungia stoo wiki tatu, majirani wakalalamika kelele. Sasa mzee amesema imetosha. Ati mbwa ni wa kulinda boma, si wa kulala na midoli, na ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Amepata jamaa huko Ahero anayetaka mbwa wa kufukuza ndege na wanyama kwenye mpunga, atakuja kumchukua mwisho wa mwezi. Mama mkwe naye amenipigia simu, anasema mbwa anayekumbatia vitu vya mtoto aliye mbali anaita mabaya, midoli ichomwe leo.

Shangazi, huyu mbwa ni mgonjwa, ana huzuni ya binti, au ni uvivu umezidi? Nichome midoli? Nimwache aende? Binti akifunga shule akute hakuna mbwa wala midoli, nitamwambia nini?

Mama Njugu, Mamboleo

*

Mwanangu, nimeisoma barua yako jana usiku na leo asubuhi nimeirudia. Kuna mambo mawili umeyataja kama kwa kupita njia, lile la Julai na lile la tumbo kulowa. Mimi nimesimama hapo.

Mbwa hatoi jasho tumboni. Jasho lake ni la nyayo tu, na joto jingi analitoa kwa kuhema ulimi nje. Ule unyevu ulioona ukauita jasho, kesho ukae naye chini taratibu uangalie chuchu zake. Usizikamue, angalia tu. Nadhani utaziona zimevimba na utaona tone jeupe au la rangi ya maji ya mchele. Ni maziwa.

Sasa hesabu nami. Mwanzo wa Julai alikuwa kwenye joto. Tuko katikati ya Septemba. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, yaani wiki tisa. Mbwa jike ambaye hajatolewa kizazi, awe amepandwa au hajapandwa, mwili wake baada ya joto hukaa miezi miwili hivi ukiwa katika hali ile ile ya mwenye mimba. Homoni inayotunza mimba huwa juu muda huo wote. Ikishuka, inapanda nyingine, ile ya kuleta maziwa na mapenzi ya mama. Mwili hauna habari kwamba hakuna kitu ndani. Siku zimetimia, basi unaanza kazi ya ulezi. Jike anatafuta mahali pa giza, anachimba au anavuta nguo atandike, anapungukiwa na hamu ya kula, analia usiku, na anatafuta watoto. Asipowaona anawachagua mwenyewe katika vitu vilivyo karibu. Madaktari wa mifugo wanaijua vizuri, ni mimba ya uongo, na huwapata majike wengi sana.

Kwa hiyo dubu, ndovu na yule sungura wa jicho moja, hivi sasa, kwa Njugu, ni watoto wake. Anawalamba kwa sababu mbwa huwalamba watoto wake ili wawe safi na wajisaidie. Hatoki chini ya meza kwa sababu mama wa vilebu vya siku chache hatoki. Na yule mtoto wa dada yako, bila kosa lolote, alishika mtoto wa mtu sikio.

Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikuambie kwa nini jambo hili linanigusa. Nilikulia Bungoma, na nyumbani kwetu kulikuwa na mbwa jike wa baba. Mwaka mmoja alianza kuiba ndara ya mama, moja tu, ya mguu wa kushoto. Aliibeba mdomoni bila kuitoboa, akaingia nayo chini ya ghala la mahindi, akalala ameizungushia mwili. Sisi watoto tulimchokoa kwa kijiti. Baba alimtoa kwa kiboko, akijua ni wizi. Alitoka ameinamisha mgongo, akangoja baba aondoke, akaichukua tena ndara akarudi chini ya ghala. Chuchu zake zilikuwa zinadondosha maziwa na sote tuliona, hakuna aliyeuliza. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaambiwa ile ilikuwa nini. Mgongo ule sijausahau, na sitaki Njugu apitie hayo wakati kuna mtu wa kuuliza, na umeuliza.

Lakini mimi sijamgusa mbwa wako, na kupitia barua siwezi kumpima. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii. Kwanza ahakikishe mimba ni ya uongo kweli. Mlimfungia stoo, ndiyo, lakini madume yalikuwa getini wiki tatu, na nimeona mbwa wakikutana kupitia tundu la kuku. Daktari atampapasa tumbo au atampiga picha ya mawimbi ya sauti, na wakati huu kama kuna vilebu vitaonekana. Pili, kuna ugonjwa unaofanana na haya kwa nje nao ni wa kutisha: usaha ndani ya kizazi. Nao huja wiki chache baada ya joto, kwa majike wale wale ambao hawajatolewa kizazi. Ukimwona anakunywa maji kupita kawaida, anatapika, ana homa, au anatokwa na uchafu wenye harufu nyuma, usingoje miadi, mpakie kwenye tuktuk siku hiyo hiyo. Wakati mwingine usaha hautoki nje na tumbo ndilo hujaa, ndiyo maana nasema apimwe hata kama huoni uchafu. Tatu, hapa kwetu ziwani kupe ni wengi, na homa ya kupe humfanya mbwa alale, akatae chakula, anyong'onyee. Mfunue mdomo utazame fizi. Zikiwa za waridi ni vyema. Zikiwa zimepauka kama karatasi, au mkojo wake una rangi ya chai ya rangi iliyokolea, mwambie daktari mara tu unapoingia.

Ikiwa ni mimba ya uongo na hakuna kingine, hali hii mara nyingi hujiishia katika wiki mbili au tatu. Usimkamue na usimkande chuchu kwa maji moto, maana kila zinapoguswa mwili unaelewa kuna mtoto ananyonya na unaongeza maziwa. Akijilamba sana, daktari anaweza kumvalisha kola ya kumzuia. Chuchu ikiwa ngumu, nyekundu na ya moto, hiyo ni maambukizi, arudi kwa daktari. Dawa ya kukausha maziwa ipo, inaitwa kabergolini, ila aamue daktari. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu kutoka kabatini, hata kipande. Nyingine zinaua mbwa. Wala usimnyime maji ukidhani maziwa yatakauka, hasa katika joto hili la Kisumu.

Sasa midoli. Usiichome. Ukiichoma mbele yake, atatafuta watoto usiku kucha, na kesho atabeba kiatu. Lakini pia haifai kukaa nayo yote tumboni, kwa sababu inamkumbusha kunyonyesha. Fanya hivi: saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda, mtu amtoe matembezi. Atakataa, basi mvute kwa kipande cha nyama, hata dakika 15 zatosha siku ya kwanza. Yeye akiwa nje, wewe chukua mmoja. Anza na yule anayemlamba kidogo kuliko wenzake. Kesho au kesho kutwa mwingine. Usimnyang'anye mdomoni na usipitishe mkono chini ya meza akiwa amelala nayo, maana hata wewe mlezi wake anaweza kukuuma. Jioni mtoe tena, jua likishazama kidogo. Lami ya Mamboleo saa tisa alasiri itamchoma nyayo. Weka mgongo wa mkono wako juu yake uhesabu hadi saba, kama huwezi kuvumilia, naye hawezi.

Kuna jambo jingine kuhusu midoli hiyo ambalo halihusiani na mimba. Umesema sungura amebaki na jicho moja. Lile jingine liko wapi? Macho ya plastiki, vifungo na ile pamba ya ndani vikimezwa huweza kuziba utumbo, na hapo ni upasuaji au kifo. Mbwa aliyezibwa hutapika kila anachokula, hapati choo, na tumbo humuuma ukiligusa. Mweleze daktari habari ya jicho hilo. Wewe ni fundi wa kushona, kwa hiyo baadaye, akishatulia, ng'oa macho yote yaliyobaki, tia mishono imara kwenye masikio, na umdarizie sungura macho ya uzi. Mdoli wa namna hiyo Njugu atalala nao miaka bila madhara.

Umeuliza kama ana huzuni ya binti. Siwezi kukukatalia. Midoli ile ina harufu ya binti yako, na pua ya mbwa inahifadhi mtu kuliko picha ukutani. Huenda ndiyo maana hakuchagua ndara zako. Ila kilio cha usiku na kitanda cha vitambaa, hayo nayaweka kwa Julai, si kwa shule ya bweni.

Mama mkwe mjibu kwa heshima. Amemwogopea mjukuu wake, na hilo ni pendo. Mpigie, mwambie, "Mama, mbwa ana maziwa, anadhani amezaa." Mtu aliyefuga ng'ombe na mbuzi maisha yake yote atakuelewa haraka kuliko unavyofikiri. Pengine atakuambia aliwahi kumwona mwingine.

Sehemu hii msomee mzee wako. Baba, hasira yako juu ya mtoto aliyerukiwa ni ya haki kabisa. Mtoto wa miaka minne asiachwe peke yake na Njugu mpaka maziwa yakauke, na hata baada ya hapo afundishwe kwamba mbwa aliyelala au anayekula haguswi. Lakini uvivu wake usimhukumie. Mbwa mzima hulala saa 12 hadi 14 kwa siku, na wengi hulala mchana kwa sababu usiku wanasikiliza. Simiti baridi kando ya mtungi ndiyo akili yake ya kukwepa jua la nyuzi 30. Na mwezi huu hata hayuko mapumzikoni, anafanya kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, basi tu hakuna anayeiona.

Kumpeleka Ahero sasa nakataa, na nakataa bila kuzunguka. Mbwa mwenye maziwa, analinda watoto asio nao, apakiwe kwenye pikipiki hadi boma la wageni lenye watoto asiowajua? Huko ndiko atakapouma mtu kweli. Jamaa wa mpunga angoje. Baada ya hali hii kupita, mkiwa bado mnataka kumtoa, kaeni wawili na binti akiwepo, maana mbwa ni wake pia.

Nina swali ambalo barua yako haikujibu: amechanjwa kichaa cha mbwa lini? Kama imepita mwaka, au hujui, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa kati ya binadamu, hadi asilimia 99, hupata kwa mbwa, na wanaoumwa zaidi ni watoto. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na karibu na siku hiyo maofisa wa mifugo mara nyingi huandaa chanjo, kwa hiyo ulizia ofisi ya wadi yenu. Umesema ngozi ya mtoto haikupasuka. Mvue nguo mchana kweupe uangalie tena. Ukiona hata mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali, hata kama siku zimepita.

La mwisho ni kizazi. Asipotolewa, haya yote mtayaona tena baada ya joto lijalo: madume getini, stoo, majirani, midoli, na hatari ya ule usaha kila mara. Mwombe daktari apange siku. Lakini asifanyiwe wakati maziwa yanatoka, kwa sababu hali inaweza kuganda pale pale. Wengi hungoja miezi mitatu au minne baada ya joto, maziwa yakiwa yamekauka. Kwenu itaangukia Oktoba au mapema Novemba, na hapo Njugu atakuwa amerudi kwenye simiti yake kutazama kuku kwa jicho moja.

Niandikie ukitoka kwa daktari, uniambie fizi zina rangi gani na amesema nini kuhusu jicho lililopotea. Midoli unayoiondoa usiifue, iweke kwenye kapu juu ya kabati ilivyo na harufu yake, na sungura awe juu kabisa, ili binti akifunga shule ndiye amwone kwanza.